Majina ya Nyota katika Kiswahili: Uhakiki wa Kamusi na Istilahi

Desturi ya kamusi za Kiswahili, tangu ile ya Johnson ya mwaka 1939, ni kulieleza jina la nyota kwa kisawe cha lugha nyingine, au kwa kusema tu kwamba ni nyota au kundi la nyota. Kwa jina la mti au la samaki huenda maelezo mafupi yakatosha, kwani kitu chenyewe kipo cha kuonyeshwa. Nyota haina tabia hiyo. Ina majira yake, ina mahali pa kuonekana na pa kutoonekana, na jina lake hubeba habari hizo.

Makala haya yanachagua majina matatu, Kilimia, nyota ya jaha na Jauza, na kuyapima kwa anga lionekanalo kutoka Ziwa la Ng'ombe, bara ya Kisauni, Mombasa, takriban digrii nne kusini ya ikweta. Mahali hapo pana manufaa mawili. Kwanza, anga lake ni lile lile lililotazamwa na wasemaji wa Kimvita kwa karne nyingi. Pili, ni mtaa wa watu wengi na taa nyingi, jirani na Bamburi na Kongowea, ambako mtoto wa shule huzijua nyota kwa kitabu zaidi kuliko kwa macho. Kitabu kikimpotosha huyo, hana pa kukisahihishia.

1. Kilimia

Kilimia ni jina la Kibantu, na umbo lake halina utata: limetokana na kitenzi lima katika kauli ya kutendea. Ndugu zake wamo katika lugha za mbali. Wazulu na Waxhosa husema isiLimela, Wasotho selemela, na wote hukusudia kundi lile lile ambalo Wayunani waliliita Pleiades na Waarabu Thuraya. Basi jina hili lilikuwa la mkulima kabla ya kuwa la baharia. Kamusi isemayo kwamba Kilimia ni kundi la nyota imetoa nusu ya maana. Nusu ya pili ni jembe.

Upungufu huo hudhihirika katika methali: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Msomaji aliyepewa kisawe tu huichukua methali hii kuwa ni fumbo juu ya mageuko ya dunia: leo jua, kesho mvua. Maana hiyo imo, lakini imejengwa juu ya nyingine iliyo ya hesabu. Nyota nyingi huzama kila siku; kuzama kunakotajwa hapa si huko. Ni kule kutoweka kwa mwaka. Mwishoni mwa Aprili au mapema Mei, Kilimia huonekana kwa mara ya mwisho upande wa magharibi mara baada ya jua kutua. Kisha hufichwa na mwangaza wa jua kwa muda wa mwezi mmoja na zaidi, hadi Juni, kinapozuka mashariki kabla ya mapambazuko.

Aprili na Mei ndicho kilele cha masika, ambayo Wamvita huiita mvua ya mwaka. Mvua ikija kwa wakati wake, Kilimia huzama ingali ikinyesha, na huzuka imekwisha kupungua. Mvua ikichelewa, Kilimia huzama katika ukavu na huzuka katika mvua. Kwa hiyo methali ni kipimo cha kuchelewa kwa masika, na mkulima aliyekiona Kilimia kikizama kwa jua alipata sababu ya kutokata tamaa.

Iko rai nyingine iwezayo kutolewa: kwamba kuzuka ni kule kwa Novemba, Kilimia kinapochomoza mashariki jua linapotua. Rai hiyo ni dhaifu. Kati ya Mei na Novemba ipo miezi sita. Hali ya hewa ya mwezi mmoja haiwezi kuwa dalili ya mwingine ulio mbali kiasi hicho. Tena Novemba ni majira ya vuli, hivyo kuzuka kwa jua kungekuwa ni habari ya mwaka mbaya tu. Fasiri ya kwanza hukidhi nusu zote mbili za methali.

2. Nyota ya jaha

Hapa kosa ni jingine: maana moja imeifunika nyenziwe. Jaha ni heshima na bahati njema, na mwenye nyota ya jaha ni mtu aliyejaliwa. Lakini mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa na al-jah yao. Ahmad ibn Majid, aliyetunga kitabu chake kikuu cha ubaharia mnamo mwaka 1490, aliita hivyo nyota ya kaskazini, Polaris, ambayo kimo chake kilipimwa kwa vidole ili kujua chombo kimefika wapi.

Nyota hiyo haionekani Ziwa la Ng'ombe. Imo chini ya upeo wa macho. Baharia aliyeondoka Mombasa kwa kusi kwenda Arabuni alianza kuiona alipokwisha kuvuka ikweta na kuendelea kaskazini. Aliporudi kwa kaskazi, ilishuka usiku baada ya usiku hata ikatoweka. Kwa watu wa pwani hii, basi, nyota ya jaha ilikuwa nyota ya kusafiriwa. Ni vigumu kuamini kwamba jaha ya baharia na jaha ya bahati, zilizotamkwa sawa katika bandari zile zile, hazikuathiriana. Kamusi iitajayo bahati peke yake hukifuta chombo na kumwacha mpiga ramli.

3. Jauza na Mapacha

Waarabu wa kale waliliita Jauza kundi ambalo Wayunani waliliita Orion. Katika buruji kumi na mbili, jina hilo likawa la Mapacha. Majina Rigel na Betelgeuse, nyota mbili za Orion, yametokana na Kiarabu: mguu wa Jauza na mkono wa Jauza. Mwalimu asemaye kwamba Jauza ni Mapacha na hakuna zaidi atashindwa kueleza kwa nini mguu wa Mapacha umo katika kundi jingine.

Mwaka 1922 wanaastronomia wa dunia walikubaliana juu ya makundi 88. Kuyatafsiri kutoka Kiingereza moja kwa moja huleta viumbe kama Dubu Mkubwa katika nchi isiyo na dubu, ilhali Waarabu waliozifundisha pwani nyota nyingi waliona hapo jeneza na mabinti walifuatao. Tafsiri ya namna hiyo huongeza maneno bila kuongeza ujuzi.

Hitimisho

Katika shindano la mwaka 2022 la Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, nyota WASP-71 ilipewa jina Mpingo, kwa pendekezo la Tanzania. Hilo ni jambo la kufurahisha. Lakini Mpingo haionekani kwa macho matupu, na Kilimia, kinachoonekana na kila mtu, bado kinangoja kidahizo kinachokistahili. Kidahizo hicho chaweza kuwa hivi:

Kilimia: kundi dogo la nyota zilizosongamana, huonekana magharibi jioni hadi mwisho wa Aprili au mapema Mei, hutoweka, na huzuka mashariki alfajiri katika Juni, kutokana na limia, dalili ya majira ya mvua na ya kulima, Kiarabu: Thuraya.

Maneno hayo hayafiki arobaini. Mtoto wa Ziwa la Ng'ombe akiyasoma, atajua mwezi wa kutoka nje na upande wa kutazama.