Presha Iliyopimwa Mara Moja

Mwaka 1990 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa Stephen MacMahon, Richard Peto na wenzao. Walikusanya tafiti 9 zilizofuatilia watu wapatao 420,000, wakitaka kujua tofauti ya presha inaleta tofauti gani ya kiharusi na ugonjwa wa moyo. Kikwazo kilikuwa kipimo chenyewe. Presha ya siku moja haisemi presha ya kawaida ya mtu: hupanda kwa hofu ya daktari, kwa kutembea haraka, hata kwa mkanda wa kupimia usiolingana na mkono.

Wengi huamini kwamba makosa ya namna hii hufutana watu wakiwa wengi. Kwa wastani wa wote, ndiyo. Kwa uhusiano wa presha na maradhi, hapana. Katika kundi lenye presha ya juu kabisa wamo waliopanda siku ile tu, na katika kundi la chini wamo walioshuka siku ile tu. Makundi huonekana yameachana kuliko yalivyo, ilhali idadi ya wanaougua ni ile ile, kwa hiyo presha huonekana haina madhara makubwa kiasi hicho. Ukiongeza watu laki moja, utazidi kuwa na hakika na jibu lililopungua.

Tiba yao ilikuwa kupima tena. Utafiti wa mji wa Framingham, Marekani, ulioanza 1948, uliwaita washiriki wake kila baada ya miaka miwili. Wachambuzi waliwapanga watu katika makundi kwa kipimo cha mwanzo, kisha wakalipatia kila kundi wastani wa kipimo cha miaka 4 baadaye. Ufundi wote uko hapo: kipimo kinachochagua kundi sicho kinacholipatia thamani, hivyo bahati ya siku ya kwanza haihesabiwi mara mbili. Makundi yalisogeleana, na uhusiano ukaongezeka nguvu kwa takriban asilimia 60. Namba ya chini ya presha ikiwa pungufu kwa milimita 5 za zebaki kwa muda mrefu, kiharusi kilipungua kwa angalau asilimia 34, na ugonjwa wa moyo kwa 21.

Kuazima marekebisho ya mji mmoja na kuyatumia kwa tafiti nyingine ni dhana nzito, nami ningependa kila utafiti uwapime tena baadhi ya watu wake. Tena hesabu hii hairekebishi makosa katika mambo mengine yanayohusika na maradhi, kama uvutaji sigara ulioulizwa vibaya. Kosa hilo laweza kuvuta jibu upande wowote.

Lakini uchambuzi huo ulikuwa na sehemu ya pili, yenye majaribio 14 ya dawa za presha. Namba ya chini iliposhuka kwa milimita 5 hadi 6, kiharusi kilipungua kwa asilimia 42, karibu sawa na matarajio ya hesabu iliyorekebishwa. Ugonjwa wa moyo ulipungua kwa 14 tu, katika majaribio ya miaka michache.