Mkwaju wa Mwisho Kwenye Njia ya Folda

Vituo vingi vya afya vya kaunti za Migori na Homa Bay huweka rekodi za wagonjwa katika KenyaEMR, mfumo uliojengwa juu ya OpenMRS, ambayo chimbuko lake ni kazi iliyoanza Eldoret mwaka 2004. Pale seva inapokaa kituoni, usalama wa nakala ya akiba hutegemea amri anayoandika fundi, na katika amri hiyo alama ndogo ya mkwaju (/) huamua mengi.

Tuseme fundi ana folda mbili, migori na homabay, na anatumia rsync, programu ya kunakili faili iliyotolewa na Andrew Tridgell na Paul Mackerras mwaka 1996:

rsync -a migori /akiba
rsync -a migori/ /akiba

Amri ya kwanza huunda /akiba/migori. Ya pili humwaga yaliyomo moja kwa moja ndani ya /akiba, na jina la kaunti hupotea. Akifanya vivyo hivyo kwa homabay/, faili mbili zenye jina moja, kama rekodi.sql, hugongana na kubaki moja tu. Akiongeza --delete, inayofuta upande wa kupokea kila kisichokuwemo kwenye chanzo, hali ni mbaya zaidi: kunakili homabay/ kunafuta kila kilichokuwa cha Migori pekee.

Amri ya kunakili ya Linux, cp, ina kanuni nyingine. Haijali mkwaju wa chanzo; huangalia kama folda ya kupokea ipo:

cp -r migori /akiba/leo

Kama leo haipo, yenyewe inakuwa nakala ya migori. Irudie amri hiyohiyo, utapata /akiba/leo/migori, nakala ndani ya nakala. Chaguo la -T huzuia hilo.

Folda ikiitwa Homa Bay badala ya homabay, kuna mtego mwingine: nafasi katikati ya jina. Bila alama za kunukuu, cp itatafuta vitu viwili, Homa na Bay. Andika "Homa Bay".

Kwa hiyo taja kaunti pande zote mbili, na uanze na -n, inayoonyesha kazi bila kugusa faili:

rsync -avn --delete migori/ /akiba/migori/

Soma orodha yote. Ukiona "deleting" mbele ya faili ya Ndhiwa (Homa Bay) ilhali unanakili Migori, simama hapo: njia imekosewa, na data bado ipo.