Themostati Haina Kosa: Joto la Ralanti Kwenye Kivuko cha Kindu

Injini ya lori inayopanda joto ikiwa kwenye ralanti, yaani ikizunguka polepole lori limesimama, huku kiyoyozi kimewashwa, kisha mshale ukashuka wenyewe gari likishika barabara, ina njaa ya hewa. Kwa kawaida maji yake yanazunguka vya kutosha, ila upepo wa kuyapoza haupo. Kwa hiyo uamuzi wa kung'oa themostati, ambao gereji nyingi huukimbilia, ni kosa tangu bolti ya kwanza inapolegezwa.

Mandhari ya ugonjwa huu inajulikana na kila dereva wa Kindu. Mto Lualaba umeukata mji: Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa kushoto, Alunguli ukingo wa kulia. Lori linalokwenda upande wa Kalima hupanga foleni likingoja kivuko. Vioo vya kabini vimefungwa, klima inavuma, injini inazunguka mara 600 au 700 kwa dakika. Mshale unaanza kupanda taratibu, kisha kwa haraka, hadi kifuniko cha rejeta kinaanza kufoka. Lori likishavuka na kutembea kilomita chache, mshale unarudi katikati kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tabia hiyo peke yake ni nusu ya uchunguzi. Gari likitembea, mwendo wenyewe husukuma hewa ndani ya rejeta, hata feni ikiwa mbovu. Likisimama, kazi yote inabaki kwa feni. Kiyoyozi kikiwashwa mzigo huongezeka kwa njia tatu. Kompresa inaikamua injini nguvu zaidi. Kondensa, iliyo mbele ya rejeta, inamwaga joto lake kwenye hewa ile ile ambayo rejeta inaitegemea. Tena kondensa yenyewe ni ukuta wa pili ambao hewa inapaswa kuupenya.

Unyevu wa Maniema, jimbo la Kindu, unazidisha mambo. Maji yanayodondoka chini ya kabini ni mvuke uliogeuzwa kuwa maji, na joto lililotoka kwenye mvuke huo lazima litupwe na kondensa. Kila lita moja inayodondoka imeacha joto la karibu megajuli 2.4, linalotosha kuchemsha lita saba za maji kutoka nyuzi 20. Kindu iko kwenye mwinuko wa karibu mita 500, ambako maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 98 hivi. Mfumo uliokuwa na akiba ndogo hauna pa kukimbilia.

Hatua za kwanza za gereji kwa kawaida ni nzuri: maji hujazwa, mipira hukaguliwa, mkanda hukazwa, uvujaji hutafutwa.

Kisha inakuja spana ya themostati. Hoja inayotolewa ni kwamba kifaa hicho kimetengenezwa kwa nchi za baridi, na kwamba Kongo hakina kazi ila kuziba njia ya maji. Hoja hii imezeeka gerejini kuliko malori yenyewe, na haijapata ukweli kwa kuzeeka. Themostati iliyokwama ikiwa imefungwa haichagui mahali pa kuumiza. Injini ingepanda joto barabarani, ingepanda zaidi kwenye mlima na mzigo, na isingepona kwa lori kuondoka. Hata ile iliyofunguka nusu hujifichua kwanza kwenye mlima, pale injini inapotoa joto jingi, wala haingoji ralanti ya kivukoni. Mtuhumiwa alikuwa na ushahidi wa kumtoa hatiani kabla hajafungwa.

Ubaya wa pili ni mkubwa zaidi. Injini nyingi za dizeli hutumia themostati yenye vali mbili. Ya juu ikifungua njia ya kwenda kwenye rejeta, sahani ya chini huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Themostati ikitolewa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Maji hufuata penye wepesi, na sehemu yake hurudi kwenye injini ikiwa na moto wake bila kuiona rejeta. Lori lililoletwa kwa sababu ya joto la ralanti linaondoka gerejini likiwa na uwezo mdogo zaidi wa kupoa kwenye ralanti. Dawa imekuwa ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Wapo wanaoupinga ung'oaji huo kwa sababu nayo potofu, kwamba bila themostati maji hupita mbio mno ndani ya rejeta na kukosa nafasi ya kupoa. Sivyo. Maji yanayopita kwa kasi hubadilishana joto vizuri zaidi. Madhara yanatoka kwenye njia ya mkato iliyoachwa wazi, na ni vyema kosa lipingwe kwa sababu yake halisi.

Kwa nini basi gereji huamini kwamba imeponya? Kwa sababu ya mahali pa kujaribia. Baada ya kazi, mfumo umejazwa maji mapya ya baridi, lori linapelekwa barabarani, hewa inaingia, mshale unakaa chini. Jaribio limefanyika mahali ambapo ugonjwa haukuwepo hata jana. Lingefanyika uani, lori limesimama, klima juu, kwa nusu saa, hukumu ingekuwa nyingine.

Huko barabarani mshale unaokaa chini mno nao ni hasara. Themostati ya dizeli kwa kawaida huanza kufunguka karibu na nyuzi 82, na joto hilo limechaguliwa kwa makusudi. Injini inayotembea baridi inakula mafuta zaidi, dizeli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda, na salfa ya mafuta inapata unyevu wa kugeuka asidi. Pistoni na ringi hulipa deni hilo polepole, na siku ya kulipa hakuna anayeikumbuka themostati.

Kukipima kifaa hicho kungegharimu sufuria ya maji, uzi na kipimajoto. Themostati huning'inizwa ndani ya maji bila kugusa chini, moto ukawashwa, ikatazamwa inafunguka kwenye nyuzi ngapi, kisha ikalinganishwa na namba iliyogongwa juu yake. Isipofunguka, hununuliwa nyingine. Ikifunguka, hurudishwa mahali pake.

Uchunguzi sahihi huanza mbele ya gari. Injini ikiwa kwenye ralanti, karatasi ikiwekwa juu ya kondensa inapaswa kuvutwa na kung'ang'ania. Ikianguka, feni haivuti. Maji yakimwagwa juu ya kondensa na mshale ukashuka, upungufu wa hewa umethibitika. Mzunguko ukipandishwa hadi 1,500 joto likapungua, shaka inabaki kwa feni au pampu ya maji. Mkanda unaoteleza na pampu iliyoliwa panga zake hutafutwa hapo. Mapovu yasiyokoma kwenye rejeta yanaelekeza kwenye gasketi ya hedi, lakini hiyo nayo huumiza zaidi kwenye mzigo.

Mara nyingi jibu liko kwenye klachi ya feni yenye mafuta ya silikoni. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, feni husukumwa kwa mkono. Ikizunguka kwa wepesi mizunguko kadhaa bila kukabwa, klachi imekwisha. Vumbi lililoganda kwa mafuta kuzunguka kitovu chake linasema vivyo hivyo. Linalofuata ni ganda la plastiki linalozunguka feni, lile ambalo hutolewa ili mkono upite kirahisi, kisha husahauliwa nyuma ya gereji. Bila ganda hilo feni huzungusha hewa ile ile ya moto pembeni mwake, na hewa ya nje haivutwi kupitia rejeta.

Mwisho ni nafasi kati ya kondensa na rejeta. Vumbi jekundu, mbegu za nyasi na wadudu huingia huko wakageuka blanketi. Kuosha kwa nje hakulifikii. Lazima viwili hivyo vitenganishwe, na maji yapigwe kutoka upande wa injini kuelekea mbele. Pia gesi ya kiyoyozi ipimwe kwa geji, kwa maana gesi iliyozidishwa kwa kukisia hupandisha shinikizo na kuitwisha kompresa mzigo bure.

Mafundi waliolelewa na malori ya Magirus-Deutz wasingepotea hapa. Injini hizo zilipozwa kwa hewa tupu: hazikuwa na rejeta, wala maji, wala themostati ya maji ya kulaumiwa. Zikipanda joto, mkono ulikwenda moja kwa moja kwenye mkanda wa feni na kwenye mapezi yaliyojaa uchafu. Kabla yao, wahudumu wa treni za mvuke kwenye reli ya Kindu hadi Kongolo walisoma kioo cha maji kabla ya kugusa spana. Vizazi hivyo viliisoma dalili kwanza, kazi ikafuata.

Lori lililokwisha kung'olewa themostati hurudishiwa mpya yenye namba iliyopendekezwa na mtengenezaji, tundu lake dogo la kutolea hewa likielekezwa juu. Feni, ganda na kondensa vikishashughulikiwa, mfumo hujazwa kulenti (kiowevu maalumu cha kupozea) badala ya maji ya mto, kifuniko cha rejeta chenye springi iliyochoka hubadilishwa, na jaribio la mwisho hufanyika gari likiwa limesimama, klima ikiwa juu, mchana wa jua.