Jinsi ya Kuitambua Safari Bora ya Kilimanjaro

Huko Ufaransa, katika milima ya Alpi, kuna eneo la kuteleza kwenye theluji liitwalo Les Trois Vallées, yaani Mabonde Matatu. Mabonde yake yameunganishwa kwa viti na vibanda vinavyoning'inia kwenye nyaya, na tiketi moja hukufungulia njia za kilomita 600 hivi. Anayepanga likizo huko hupima zaidi kazi ya mitambo: nyaya ni ngapi, foleni ina urefu gani, kijiji kiko juu kiasi gani ili theluji isiyeyuke mapema.

Msafiri wa Mokambo, huku Katanga nchini Kongo, ana mlima wake ulio karibu zaidi, nao pia una vilele vitatu juu ya msingi mmoja: Shira, Mawenzi na Kibo. Hata ski zimewahi kufika huko. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König waliteremka nazo kutoka Kibo. Barafu ya mwaka huo ilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia 2007 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa imetoweka. Leo Kilimanjaro ni mlima wa kutembea.

Na hakuna mtambo wa kukupandisha. Hema, gesi, mayai, sufuria na godoro lako vinapanda kwa kichwa na mgongo wa binadamu. Kwa hiyo ubora wa safari hii ni ubora wa kazi ya watu, na watu hao wanazungumza Kiswahili. Mgeni wa Ulaya husoma tovuti ya kampuni na kuamini. Wewe unaweza kumuuliza mpagazi mwenyewe amelipwa nini na amekula nini, ukajibiwa bila mkalimani. Mwongozo huu unakusaidia kujua cha kuuliza, na kulipima jibu utakalopewa.

Anza na mahali pa kulala

Kila kampuni itakuahidi Uhuru, kilele cha mita 5,895. Kiache kwanza kilele, uliza utalala wapi kila usiku. Kule juu kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani, na mwili huizoea kwa kupewa siku, hata uwe na nguvu kiasi gani. Madaktari wa milimani wana kanuni: ukishavuka mita 3,000, usipandishe kitanda chako kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne lala mara mbili kwenye kimo kilekile.

Sasa pima ratiba kwa kanuni hiyo. Njia ya Marangu kwa siku tano inakulaza Mandara, karibu mita 2,700, kisha Horombo, karibu 3,700, kisha kibanda cha Kibo, karibu 4,700, na kabla ya usiku huo kwisha unaamshwa kuelekea kileleni. Hizo ni mita 1,000 kila siku. Kijana mwenye mapafu ya mchezaji mpira anaweza kuangushwa na ratiba hiyo. Siku ya sita, ambayo unalala Horombo mara mbili na kupanda mchana hadi Mawe ya Pundamilia kisha kurudi, inabadili safari nzima kwa gharama ya siku moja.

Machame nayo huuzwa kwa siku sita au saba. Siku inayokatwa kwa kawaida ni ile ya kulala Karanga. Ukiikosa, unatoka Barranco mpaka kambi ya Barafu kwa siku moja, na usiku uleule unaanza kupanda. Usikubali.

Ratiba ya fundi huutumia mlima mzima. Lemosho kwa siku nane hukuzungusha juu ya uwanda wa Shira, ambao ni mabaki ya volkano kongwe, ili mwili uzoee mita 3,500 na 3,800 kabla ya kuonja Kibo. Kisha hukupandisha mpaka Lava Tower, mita 4,600 na ushee, ule chakula cha mchana, na alasiri hukuteremsha kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Rongai kwa siku saba hutumia Mawenzi kwa kazi hiyohiyo: unalala kando ya ziwa dogo lililo chini ya miamba yake, karibu mita 4,300, kisha unavuka tandiko, yaani uwanda ulio kati ya vilele hivyo viwili, kuelekea Kibo. Kuukwea Mawenzi wenyewe ni kazi ya wapanda miamba wenye kamba; anayeuza kilele hicho kama nyongeza ya matembezi hajui anachouza.

Usidanganywe pia na kimo cha nyumbani. Mokambo iko zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari, juu kuliko mji wa Moshi, lakini kimo hicho hakikuandai kwa mita 4,700.

Ichambue bei

Mnunuzi wa madini hapa Katanga haridhiki na kijani cha malakiti. Anataka kujua asilimia ya shaba. Fanya hivyohivyo na bei ya kampuni.

Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, mgeni asiye wa Afrika Mashariki hulipa ada ya hifadhi dola 70 kwa siku, kambi dola 50 kwa usiku, na uokoaji dola 20 kwa safari. Kwa siku saba na usiku sita hiyo ni dola 810, na ukiongeza kodi ya asilimia 18 inafika karibu 956. Kampuni inayomuuzia mgeni huyo safari hiyo kwa dola 1,200 imebaki na dola 244 hivi za chakula, gari, viongozi, mpishi, na wapagazi watatu au wanne kwa kila mpandaji. Hesabu hiyo haitimii bila mtu fulani kunyimwa haki yake, naye ni mpagazi.

Raia wa Afrika Mashariki wana kiwango chao, cha chini sana. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo kabla ya kutoa hata senti, itake kampuni ikuandikie pasipoti yako itahesabiwa kwa kiwango kipi. Punguzo hilo liko kwenye ada ya serikali. Mshahara wa mpagazi unabaki uleule, na bei yako isishuke kwa kuukata.

Simama kwenye mizani

Langoni kuna mizani. Fika mapema, simama karibu, tazama. Kikomo cha mzigo wa kampuni kwa mpagazi ni kilo 20, mbali na vitu vyake mwenyewe. Kampuni nzuri hupima bila kelele na kugawa upya kinachozidi. Kampuni mbaya hupima vizuri langoni, kisha hatua chache ndani ya msitu mizigo ya wawili inawekwa juu ya mmoja, na mwenzake anarudishwa nyumbani. Wahesabu wapagazi wako siku ya kwanza na ya pili. Wakipungua, uliza.

Kisha zungumza nao. Wapagazi wa Kilimanjaro hujiita wagumu, na ugumu huo haumaanishi kwamba hawasikii baridi. Tazama viatu: kiatu cha mpira chenye ufa hakistahili kuonekana Barafu. Uliza wanakula mara ngapi kwa siku. Jibu la haki ni mara tatu. Uliza wanalala wapi, na kama hema lao lina sakafu. Uliza mshahara hulipwa siku gani baada ya kushuka, na bakshishi hugawanywaje. Gawio zuri hufanyika hadharani, kila mmoja akisikia jumla na fungu lake.

Moshi kuna shirika liitwalo Kilimanjaro Porters Assistance Project, lililoanzishwa mwaka 2003, ambalo hufuatilia jinsi kampuni washirika zinavyowatendea wapagazi. Kuwemo katika orodha yake ni ushahidi wa maana. Hata hivyo, mazungumzo yako mwenyewe kambini yana uzito wake.

Msafiri anayedhani haya ni mambo ya huruma tu afikirie tena. Mpagazi mwenye njaa hufika kambini amechelewa, na hema lako limo mgongoni mwake. Ukizidiwa saa nane za usiku, watakaokushusha ni haohao.

Mjue kiongozi kwa maswali yake

Kiongozi hodari huuliza kuliko anavyosifu. Asubuhi anataka kujua umelala vipi, umekula, umekunywa maji kiasi gani, kichwa kinauma. Anabana kipima oksijeni kwenye kidole chako, lakini namba hiyo anailinganisha na uso wako na mwendo wako. Mwendo wake mwenyewe ni pole pole tangu lango la kwanza, hata vijana wakinung'unika.

Kabla ya safari muulize: lini mara ya mwisho ulimrudisha mteja, na kwa nini? Mwenye ujuzi atakusimulia bila aibu. Atakueleza kwamba kichwa kuuma na kukosa hamu ya kula ni dalili za mwanzo. Kwamba mtu anayeyumba, asiyeweza kutembea kisigino mbele ya kidole, ubongo wake umeanza kuvimba. Kwamba anayehema akiwa amekaa, na kukohoa povu, mapafu yake yanajaa maji. Kwa hao wawili dawa ni kushuka mara moja, hata iwe usiku wa manane. Oksijeni ya chupa hununua muda tu. Anayekuhakikishia kwamba wateja wake wote hufika Uhuru, mwache.

Tazama jikoni

Kimo huua hamu ya kula, kwa hiyo mpishi mzuri huanza na mchuzi moto wenye chumvi, kisha wali, viazi, ndizi au uji. Maji huchemshwa au kutiwa dawa. Mla bukari hatalala njaa: ugali hupikwa kila jioni kwa wapagazi, na kuomba sahani si kosa.

Kutoka Mokambo

Panga majira kwanza: Januari hadi mwanzo wa Machi, au Juni hadi Oktoba. Masika na vuli huloweka njia.

Kwa nchi kavu, unavuka mpaka kwenda Mufulira, kisha Ndola na Kapiri Mposhi. Hapo ndipo mwanzo wa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Dar es Salaam. Hakikisha kwanza kwamba treni ya abiria inasafiri. La sivyo kuna mabasi kupitia Nakonde na Tunduma. Kutoka Dar unakwenda Moshi kwa basi. Kwa ndege, toka Lubumbashi kupitia Addis Ababa. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Lala Moshi angalau usiku mmoja kabla ya lango. Koti zito na mfuko wa kulalia unaweza kukodi pale, lakini viatu viwe vyako, ulivyokwisha kuvivaa miezi kadhaa.

Ukiwa na kampuni tatu mkononi, zipelekee zote maswali matatu kwa maandishi: nitalala kimo gani kila usiku, mpagazi analipwa kiasi gani kwa siku, na nani ana mamlaka ya kunirudisha. Ipe fedha yako ile inayojibu yote matatu kwa namba na majina. Iliyojibu kwa picha za kilele, iache hata kama ndiyo ya bei nafuu.