Nyumba Yenye Mambo

Neno la Kiingereza goings-on lina hila yake: hujifanya linaeleza tu yanayotokea, kumbe limekwisha kuyatilia shaka. Ajuaye lugha hiyo akiambiwa kwamba nyumbani kwa jirani mna goings-on, hudhani papo hapo kuna la kufichwa. Ni neno la barazani, na daima ni la wingi.

Mfasiri mwenye haraka huandika vitimbi, na hapo hudhulumu. Vitimbi ni hukumu iliyokwisha kutolewa, ilhali neno la Kiingereza linanong'ona tu. Akikimbilia matukio, ameliosha hadi likapoteza ladha. Tena tukio hutokea likaisha, na haya bado yanaendelea.

Lililo karibu zaidi kwetu ni mambo. 'Mambo ya kale' hayana dhambi, wala 'mambo ya nje'. Lakini sema 'nyumba ile ina mambo', na msikilizaji atasogeza mkeka. Nyendo nalo limetokana na kwenda, kama lile la Kiingereza, na hubeba shaka ile ile. Ila nyendo ni za mtu. Kwa nyumba, nachagua mambo bila ya kusita.

Taabu yenyewe inaletwa na washairi. Coleridge, katika 'Frost at Midnight' ya 1798, alilitumia neno hili pasi na kejeli yoyote, akiuwaza uhai wa bahari, kilima na msitu kandokando ya kijiji chake usiku wa baridi. Wordsworth naye, katika dibaji ya Lyrical Ballads aliyoipanua mwaka 1802, alilivisha neno hilo ulimwengu mzima: mshairi, kwa maoni yake, hufurahi kuiona humo hamasa inayofanana na yake. Tia 'vitimbi vya ulimwengu' hapo, na dibaji yote imegeuka masihara. Hata 'mambo ya ulimwengu', masikioni mwetu, ni kilio cha mtu aliyefilisika.

Mimi ningeandika 'mienendo ya ulimwengu'. Mzizi wa kwenda umebaki, wingi umebaki, na shaka imeondoka. Nakiri, hata hivyo, kwamba mienendo inanukia darasa, na Wordsworth katika dibaji ile ile alidai lugha inayosemwa na watu.