Plagi Iliyoungua Upande Mmoja

Drili iliyowekwa kwenye benchi langu inamzidi umri kijana aliyeileta. Bodi yake ni chuma kitupu, kibati chake kinasoma wati 700, na mota bado inavuma vizuri. Kijana ni seremala wa Keko, drili ameachiwa na baba yake mdogo. "Mzee, plagi nimeshabadilisha mara mbili," alinieleza. "Nikitoboa kama nusu saa, inaanza kunuka."

Kabla hata sijashika bisibisi, plagi ilikuwa imeshasema. Ni ile ya miguu mitatu tuliyoirithi kwa Waingereza. Upande wa waya wa moto plastiki ilikuwa imegeuka kahawia na kulegea. Upande wa nyutro ilikuwa nyeupe kama ilivyotoka dukani. Mkondo unaopita kwenye nyaya hizo mbili ni uleule. Laiti mashine ingekuwa inavuta umeme kupita kiasi, pande zote mbili zingeumia. Fyuzi huongeza joto kidogo upande wa moto, lakini si la kuyeyusha plastiki. Palikuwa na maungio mabovu.

Fanya hesabu uone. Wati 700 kwa volti 230 ni ampea 3 hivi. Maungio yakiwa na ukinzani wa nusu omu tu, yanatoa joto la wati 4.5 mahali padogo kama punje ya hindi. Keekee ikikwama kwenye mninga, mkondo ukafika ampea 6, joto haliongezeki mara mbili bali mara nne: wati 18. Plastiki gani itavumilia?

Nilipofungua, skrubu ilizunguka kwa kidole. Ncha za shaba zilikuwa zimepakwa lehemu, kazi inayopendeza macho lakini ni kosa. Lehemu ni laini. Ikibanwa na skrubu hubonyea polepole, na kila ikipata moto na kupoa, skrubu inazidi kulegea. Afadhali nyuzi tupu zilizosokotwa na kukunjwa mara mbili. Na mahali pa fyuzi palikuwa na kipande cha waya! Mlinzi pekee aliyebaki ni breka ya nyumba, ambayo imewekwa kulinda nyaya za ukutani, si waya mwembamba wa drili.

Waliobadilisha plagi kabla yangu walifunga shaba ileile iliyokwisha kuungua. Mimi nilikata sentimita 12, hadi weusi ukaisha na wekundu unaong'aa ukaonekana.

Ndipo ikaja hatari kubwa zaidi: rangi. Waya ulikuwa na nyekundu, nyeusi na kijani, si kahawia, buluu na kijani yenye mistari ya njano. Kwa mashine ya Uingereza ya kabla ya 1970, nyekundu ni moto. Lakini kwenye mashine za Ujerumani za zamani, nyekundu ilikuwa ethi, yaani waya wa usalama unaofungwa kwenye bodi. Fundi akikisia hapo, bodi nzima ya chuma inakuwa na umeme mkononi mwa mtu. Kwa hiyo nilichukua mita, ncha moja kwenye bodi, nyingine kwenye kila waya kwa zamu. Kijani ndiyo pekee iliyosoma, karibu na sifuri. Hiyo ndiyo ethi.

Ndani ya plagi mpya niliiacha ethi iwe ndefu kuliko wenzake, ili waya ukivutwa kwa nguvu, wa moto ung'oke kwanza na ethi ibaki. Kibano nilikikaza juu ya gamba la nje, si juu ya nyaya za ndani. Fyuzi niliweka ya ampea 5, kwa kuwa mota ikianza huvuta zaidi ya ile ampea 3 ya kawaida, na ya 13 ingechelewa mno kukatika.

Tulitoboa nusu saa. Plagi haikunuka wala haikupata moto.

Kijana nilimwagiza abadilishe pia soketi ya karakana yake kabla ya kuchomeka. Vibano vya ndani vikishapashwa joto hulegea, na vingeiunguza hata hii plagi ya nne.