Mchekeshaji Aliyeacha Kusema: Mbinu ya Steve Harvey katika Family Feud

Steve Harvey alipokabidhiwa uendeshaji wa Family Feud mwezi Septemba 2010, mchezo huo wa televisheni ya Marekani ulikuwa na umri wa miaka 34, ulikuwa umesimamishwa na kufufuliwa zaidi ya mara moja, na tangu uliporudi hewani mwaka 1999 ulikuwa umepita mikononi mwa waendeshaji watatu bila hata mmoja wao kuurudishia hadhi iliyokuwa nayo enzi za mwendeshaji wake wa kwanza, Richard Dawson. Ilipofika mwaka 2015 ulikuwa umeipita Wheel of Fortune kwa idadi ya watazamaji miongoni mwa michezo ya aina yake, yaani ile ambayo haimilikiwi na mtandao mmoja wa televisheni bali huuzwa na msambazaji kwa kituo kimoja kimoja cha mji, na kila kituo kikaipangia saa kinayoitaka. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba alipatikana mchekeshaji na mchezo ukachangamka. Maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa Ray Combs, aliyeuongoza kati ya 1988 na 1994, na Louie Anderson, aliyeuongoza kati ya 1999 na 2002, nao walikuwa wachekeshaji wa jukwaani, watu wa fani ile ambayo mtu husimama peke yake mbele ya hadhira akiwa na kipaza sauti tu, bila mwenzake wala maigizo. Tofauti inapaswa kutafutwa katika namna kazi yenyewe ilivyofanywa, na hoja inayotetewa hapa ni kwamba Harvey alifanikiwa kwa kuacha jambo ambalo mchekeshaji hujivunia kuliko yote, yaani kusema neno la kuchekesha, akamwachia mshindani neno hilo, naye akajitwalia nafasi ya msikilizaji wa kwanza.

Jambo hilo lisingewezekana katika kila mchezo, hivyo ni lazima kwanza muundo wa Family Feud ueleweke. Familia mbili za watu watano watano hukabiliana, na kila swali huwa limekwisha kuulizwa watu 100 kabla ya siku ya kurekodi. Majibu yaliyotajwa na wengi hupangwa ubaoni, na mshindani hupata alama kwa kadiri ya idadi ya watu waliotoa jibu kama lake. Familia ikikosa mara tatu, familia ya pili hupewa nafasi moja ya kunyakua alama zote zilizokusanywa. Mwishoni, wawili kutoka familia iliyoshinda hujibu maswali matano yaleyale, wa kwanza kwa sekunde 20 na wa pili kwa sekunde 25, na wakifikisha alama 200 kwa pamoja hujipatia dola 20,000. Katika utaratibu wote huu hakuna mahali panapoulizwa ukweli wa jambo, kwa sababu kinachotafutwa ni kile ambacho watu wa kawaida walikifikiria kwanza. Katika mchezo wa maarifa, mtu anayekosea huonekana hajasoma, na kumcheka ni kumdhalilisha. Katika Family Feud anayekosea ameonyesha tu kwamba akili yake ilielekea kwingine, na familia yake iliyosimama bega kwa bega naye ndiyo ya kwanza kuangua kicheko. Mwendeshaji hupata hivyo ruhusa ya kushangaa waziwazi bila kumvunjia mtu heshima, na ruhusa hiyo ndiyo mtaji wote wa Harvey.

Sharti la pili linatoka katika sheria. Miaka ya 1950 michezo ya maswali ya Marekani iligubikwa na kashfa, baada ya kubainika kuwa baadhi ya washindani walipewa majibu kwa siri. Mashuhuri zaidi kati yao, Charles Van Doren wa mchezo wa Twenty-One, alikiri mbele ya Baraza la Congress mwaka 1959, na mwaka uliofuata sheria ya mawasiliano ilirekebishwa ili udanganyifu wa namna hiyo uwe kosa la jinai. Kwa hiyo waandaaji wa Family Feud hawawezi kumnong'oneza mshindani jibu la kuchekesha, hata kama wangetamani. Wanachoweza kukitengeneza kabla ya kamera kuwashwa ni mambo mawili tu, nayo ni uteuzi wa familia, ambao hufanywa kwa usaili na hupendelea watu wachangamfu, na maneno ya swali lenyewe. Enzi ya Harvey ilibadilisha sana hilo la pili. Maswali mengi yalianza kuelekezwa kwenye ndoa, wakwe, mwili na mambo ya chumbani, na kuandikwa kwa namna inayoacha mlango wazi: mtu akiulizwa ataje kitu ambacho mume hataki mama mkwe akione, jibu la adabu lipo, na jibu lisilo la adabu linamjia kwanza, naye ana sekunde chache tu za kuchagua kati ya hayo mawili mbele ya wazazi wake.

Hapo ndipo kazi ya Harvey inapoanza, na inastahili kufuatwa hatua kwa hatua. Mshindani anapotamka jibu la ajabu, hadhira hucheka papo hapo, na Harvey hafanyi lolote: macho hupanuka, midomo hufungwa chini ya masharubu mazito, mwili mzima huganda. Kicheko kinapoanza kushuka, si kabla ya hapo, huugeuza uso polepole kuelekea hadhira au kamera, na kicheko hupanda tena. Kisha hulirudia jibu neno kwa neno, kwa sauti tambarare isiyo na mzaha, kama mtu anayesoma hati ya mashtaka, na hadhira hulisikia upya kwa masikio ya mtu mwingine. Pengine huondoka kabisa mahali pake, akatembea hatua kadhaa akiwapa washindani mgongo, kisha akarudi. Mwisho huuelekea ubao, na ubao hutoa hukumu. Jibu likikosekana, kicheko humrudia mshindani na familia yake. Likiwemo, maana yake ni kwamba kati ya watu 100 walikuwemo waliofikiri vivyo hivyo, na kicheko hicho cha mwisho hulielekea taifa zima. Kwa hiyo sentensi moja ya mtu asiyekuwa msanii imezaa vilele vinne au vitano vya kicheko, ilhali mtaalamu aliyelipwa kuchekesha hajaongeza hata neno moja lake mwenyewe.

Wachekeshaji wa jukwaani wanaifahamu kanuni inayotumika hapo. Utani una msingi, yaani maelezo yanayojenga matarajio, na una kilele, yaani neno linaloyavunja matarajio hayo. Baada ya kilele msanii hodari huongeza vijineno vifupi vinavyokifufua kicheko bila kujenga msingi mpya. Kanuni kuu kuliko zote ni kutosema wakati watu wanacheka, kwa kuwa neno linalotamkwa juu ya kicheko hukizima. Katika Family Feud msingi umeandikwa na waandishi wa maswali, kilele kimetolewa na mshindani, na Harvey amebakiwa na nyongeza na kusubiri. Ni mgawanyo wa kazi ambao msanii mwenye kiu ya kusikika hawezi kuuvumilia, na ndiyo maana historia yake kabla ya 2010 ina uzito katika uchambuzi huu.

Harvey alizaliwa mwaka 1957 Welch, katika jimbo la West Virginia, akakulia Cleveland, na alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza Oktoba 1985 katika klabu ya vichekesho ya mji huo, baada ya kazi nyingine nyingi, ikiwemo kuuza bima. Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki kiasi kwamba kwa muda mrefu alilala ndani ya gari lake kati ya onyesho moja na jingine. Chuo kilichomfunza zaidi, hata hivyo, kilikuwa Ukumbi wa Apollo wa Harlem, New York, ambako aliendesha It's Showtime at the Apollo kuanzia 1993 hadi 2000. Apollo ni maarufu kwa usiku wa wasanii chipukizi, unaofanyika tangu 1934: anayepanda jukwaani hugusa kwanza kisiki cha mti unaoaminiwa kuleta bahati, na asipowaridhisha watu huzomewa hadi aondolewe, kazi ambayo kwa miaka mingi ilifanywa na mchezaji ngoma Howard Sims, aliyeitwa Sandman. Mwendeshaji wa onyesho kama hilo husimama kati ya mtu asiye na uzoefu na umati usio na huruma, na analazimika kujua ni lini aungane na umati, ni lini amkinge chipukizi, na ni lini anyamaze. Mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka saba alikuwa tayari ameiva kwa Family Feud kabla hata ya kuitiwa. Tamthilia yake ya vichekesho ya 1996 hadi 2002, filamu ya The Original Kings of Comedy iliyoongozwa na Spike Lee mwaka 2000, na kipindi chake cha asubuhi cha redio vilimpa jina. Apollo ilimpa sikio.

Kuna kipengele kingine ambacho Combs na Anderson hawakuwa nacho. Combs alijijengea jina kwa kuwachangamsha watazamaji wa studio kabla ya kurekodiwa kwa tamthilia za vichekesho, naye aliuendesha mchezo kwa kasi na urafiki, huku Anderson akiwa mpole wa sauti, mtu ambaye uchekeshaji wake ulichota sana katika utoto na familia yake mwenyewe. Wote wawili walikuwa upande wa mshindani tangu mwanzo. Harvey alijenga taswira ya mzee wa familia, mwenye suti iliyonyooka, anayemtaja Mungu hadharani, na ambaye mwaka 2009 alitoa kitabu cha kuwashauri wanawake kuhusu wanaume, Act Like a Lady, Think Like a Man, kilichouzwa kwa wingi. Jibu lisilo la adabu linamkuta mtu anayesimamia adabu, na kicheko huhitaji upinzani huo kama mpira unavyohitaji ukuta ili urudi. Mwendeshaji mwenye mdomo mchafu angelipokea jibu hilohilo kama jambo la kawaida, na lisingechekesha.

Mfano wa zamani ulikuwepo. Groucho Marx, aliyetoka katika maonyesho ya jukwaani pamoja na ndugu zake, aliendesha You Bet Your Life katika redio kuanzia 1947 na katika televisheni kuanzia 1950 hadi 1961, na mchezo wake ulikuwa kisingizio tu cha mazungumzo na washindani, yaliyorekodiwa kwa muda mrefu kisha yakapunguzwa na wahariri. Harvey naye hutegemea mkasi wa mhariri, ambaye huamua ukimya ubaki kwa muda gani na ni uso wa nani uonyeshwe ukiwa umepigwa na butwaa. Lakini Groucho kwa kawaida alijitengea neno la mwisho, na Harvey huuachia ubao, tofauti inayoonekana ndogo hadi mtu atambue kwamba ubao unawakilisha watu 100 wasioonekana, na kwamba kumwachia neno asiyekuwepo ni unyenyekevu wa kisanii usio wa kawaida kwa mtu wa fani hiyo.

Muundo huo pia ulisadifu zama za video fupi za intaneti. Swali, jibu, ukimya na hukumu ya ubao vinatimia ndani ya dakika mbili au tatu, na mtazamaji hahitaji kujua familia ipi inaongoza; uso ulioganda, zaidi ya hayo, hauhitaji kutafsiriwa. Kwa njia hiyo Harvey alifahamika mbali na vituo vya Marekani, na mwaka 2020 yalianza matoleo ya Afrika Kusini na Ghana, ambayo aliyaendesha mwenyewe.

Mbinu hii ina udhaifu, na kuunyamazia kungekuwa kuidanganya fani. Waandishi wa maswali walipogundua kinacholeta kicheko walikirudia mno, hadi katika baadhi ya vipindi swali lenyewe linatangaza jibu la aibu kabla mshindani hajafungua mdomo, na mshangao wa mwendeshaji unabaki kuwa desturi. Mshindani anayejua anachotarajiwa kusema hawezi tena kushangaza. Udhaifu wa pili ulionekana Desemba 2015 mjini Las Vegas, katika fainali ya Miss Universe, pale Harvey alipomtangaza mrembo wa Colombia kuwa mshindi badala ya yule wa Ufilipino, kisha akarudi jukwaani kukiri kosa na kuonyesha kadi yake. Kadi ilikuwa imepangwa vibaya, jina la mshindi likiwa limewekwa pembeni chini, lakini tukio hilo linaeleza pia mipaka ya ustadi wake: ilikuwa matangazo ya moja kwa moja, bila mhariri, na kazi iliyohitajika ilikuwa kusoma, ilhali nguvu yake yote imo katika kusikia.

Agosti 2012 Harvey alifanya onyesho lake la mwisho la uchekeshaji wa jukwaani huko Las Vegas, na tangu hapo kazi yake kubwa imefanyika juu ya sentensi za watu wengine. Jaribio lililofunua zaidi lilikuja mwaka 2022 kupitia Judge Steve Harvey, kipindi cha mtandao wa ABC ambamo, bila kuwa mwanasheria, alisikiliza na kuamua migogoro midogo ya watu wa kawaida. Washitaki na washitakiwa walileta maneno ya ajabu kama wale wa Family Feud, na uso wake ulifanya kazi ileile. Lakini hapakuwa na ubao wala watu 100, na kila baada ya ukimya alilazimika kutoa neno la mwisho yeye mwenyewe, pamoja na sababu zake.